Kabla ya Bendera Kushuka

Mafuru tulimzika kule Makoko, Musoma, siku ya Jumamosi, nyuma ya nyumba aliyoijenga mwenyewe kidogo kidogo. Historia ya marehemu ilisomwa na mwanawe wa kwanza: alizaliwa, akabatizwa, akasoma mpaka darasa la saba, akaendesha malori ya pamba, akastaafu, akaugua. Haikufika dakika tatu. Nilikuwa nimekaa mkekani na wanawake wenzangu, goti la kulia nimelinyoosha mbele kwa sababu siku hizi halikunjiki, nikasema moyoni, jamani, ndiyo basi? Mtu mzima anasomwa kama risiti? Tulipomaliza kula, yule mwanawe, namwita kijana lakini ana mvi, akaja kuchuchumaa mbele yangu. "Shikamoo mama. Samahani, wewe ndiye Robota?" Jina hilo sikuwa nimelisikia tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Nikamwambia marahaba, nani amekwambia? "Baba. Alikuwaga anakutaja kila akiona mtu anakimbia barabarani. Anasema, huyo naye anakimbia? Mngemwona Robota." Nikacheka pale pale msibani, kicheko cha sauti, mpaka shangazi wa marehemu akageuka kunitazama. Halafu nikalia. Nilikuwa nimeanza kuwahesabu watu waliokuwepo Butiama jioni ile na kuona kwa macho yao jinsi nilivyofika, na hesabu iliishia kwa mtu mmoja, naye ndiye tuliyetoka kumfukia. Kwa hiyo mwaka ule nitausimulia mimi, na nitausimulia ulivyokuwa, hata pale ambapo sikupendeza.

Robota ni furushi kubwa la pamba iliyochambuliwa, ikakandamizwa kwa mashine na kufungwa kwa mikanda ya chuma. Nilikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha kuchambulia pamba pale Bunda, sisi tulikiita jineri, na kazi yangu ilikuwa kupaka namba kwa rangi nyeusi kwenye marobota kabla hayajapakiwa. Kila mwaka baada ya msimu kulikuwa na mbio za kutoka Bunda kwenda Butiama, si kwa barabara bali kwa njia za ng'ombe, kupanda na kushuka vilima, kupitia Nyamuswa na kuvuka mto Suguti. Kila kiwanda na kila idara ilitakiwa kutoa watu. Mwaka wangu wa kwanza kukimbia, jineri ilikosa mwanamke, wakaniangalia mimi. Nilikuwa mrefu, mwembamba, na watu wakimwona mtu mrefu wanadhani anajua kukimbia. Hakuna aliyeniuliza. Nikaondoka na wanaume, mbio za mwizi, na kabla ya Nyamuswa nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye majani nikitapika uji. Nyuma ya mbio lilikuwa linafuata lori la jineri kuzoa walioshindwa, lori lenyewe limebeba marobota ya kupeleka Musoma, na dereva wake alikuwa Mafuru. Akanibeba, akaniweka juu ya mzigo. Tulipoingia Butiama watu wakanyanyua shingo, na mtu mmoja, sijui nani mpaka leo, akapaza sauti: "Jineri wamekimbiza robota!" Kufika Jumatatu kiwanda kizima kilikuwa hakinijui kwa jina lingine.

Sheria ya mbio zile ilikuwa moja, na mtoto mdogo angeielewa. Ukifika Butiama unavuka mstari wa majivu uliochorwa chini mbele ya ofisi ya kijiji, na mzee mmoja mwenye kitabu anaandika jina lako. Kitabu kinafungwa bendera ya ofisi inaposhushwa, saa kumi na mbili jioni. Bendera ikishafika chini kabla hujavuka, hukukimbia. Hata kama umetoka Bunda asubuhi, hata kama kucha zimekutoka, hupo. Nilichokitaka mwaka uliofuata ni hicho tu, jina langu ndani ya kitabu kile. Kikombe sikukitaka, na hata ningekitaka kilikuwa na wenyewe, vijana wenye miguu ya swala. Mimi ni mtu wa polepole, nilijua, lakini kuwa wa polepole ni jambo moja na kuletwa kwenye lori ni jambo lingine. Msimamizi wetu, Mzee Magesa, mtu mpole aliyekuwa akituita wote wanawe, nilipokwenda kumwomba aniandikishe tena alivua kofia akaikuna badala ya kichwa. "Nyangeta mwanangu, kuna netiboli." Nikasema sitaki netiboli. "Watatucheka." Nikamwambia anayechekwa ni mimi, wewe hujawahi kuitwa robota. Akaniandikisha, akasema ukirudi kwenye lori safari hii usije kunigongea tena mlango, nami nikakubali.

Wakati ule nilikuwa nimepanga chumba mtaa wa Manyamanyama na mwenzangu wa jineri, Tereza, msichana aliyekuwa na maneno kuliko redio. Chumba kilikuwa na kitanda kimoja cha kamba, dirisha la ubao, na ukuta mmoja ambao haukufika juu, kwa hiyo yote yaliyosemwa sebuleni kwa mama mwenye nyumba tuliyapata motomoto. Ilikuwa miaka ya dhiki. Sabuni ikikosekana tulifua kwa majani ya mpapai. Sukari ikikosekana tulimumunya pipi moja, tukapiga nayo chai vikombe viwili. Unga ulikuwa ule wa njano wa msaada, na ukipata wa mtama na muhogo kutoka vijijini unashukuru Mungu, na mboga ilikuwa dagaa, kesho dagaa, Jumapili sangara akiwa amepatikana kutoka ziwani. Nilikuwa narudi kutoka kazini saa tisa, nakula ugali wa kiporo wima, navaa katambuga zangu za tairi, natoka. Mara ya kwanza kwenda kilima cha Balili na kurudi nilitembea zaidi ya nusu ya njia. Nikiwa nimelala baadaye, miguu inawaka, nawasikia wanawake upande wa pili wa ukuta. "Huyu mtoto anakimbia nini? Mbona hakuna anayemfukuza?" "Labda ana mimba anaitafutia dawa." "Mimba gani, kwa ule wembamba? Njaa ile." Tereza akajifunika kanga usoni asicheke. Mimi sikucheka. Niligonga ukuta nikasema, "Mama, nasikia!" Mama mwenye nyumba akajibu bila aibu hata chembe, "Kama unasikia, basi tuambie mwenyewe unakimbia nini."

Leo nina umri wa kuwa mama yake na bado nikiulizwa nitababaika. Ninachojua ni kwamba kila kitu mwaka ule kilikuwa cha kungojea. Ulingojea unga, ulingojea kitambaa, ulingojea basi la Musoma siku mbili, na hata ulipokipata ulikipata kwa sababu mtu mwingine amefungua dirisha la duka. Kukimbia hakukuwa na dirisha. Nilitoka mwenyewe nikarudi mwenyewe, na wiki iliyofuata nilifika mbali kidogo kuliko wiki iliyopita. Nilikuwa na hasira pia, nisidanganye. Nikichoka nilikuwa najiambia kwa sauti, "Robota, Robota," na hasira inanipeleka mpaka mti unaofuata.

Aliyenifundisha alikuwa Mafuru. Alikuwa mtu mfupi aliyejazia, mweusi tii, mwenye sauti ndogo kwa mwili ule. Siku moja alinikuta njia ya Nyamuswa nimeshika kiuno, akasimamisha lori, akazima injini, na nikajua ni mazungumzo ya maana, kwa sababu betri yake ilikuwa mbovu na kuwasha tena ilikuwa kazi. "Dada Nyangeta, unaendesha vibaya." Nikamwambia mimi si gari. "Ni gari. Tena gari ya serikali, unakanyaga mafuta kama hulipi wewe. Unajua mimi dizeli napewaga ya kufika Musoma, ya kurudi najua mwenyewe? Sasa narudije?" Akanieleza pale pale, mkono mmoja kwenye usukani. Mlimani usishindane na mlima, tia gia ndogo, hata ng'ombe wakupite. Kwenye mteremko usifunge breki, achia. Tambarare ndiyo mwendo wako, mmoja, huo huo, usiongeze kwa sababu umeona watu. "Watu ndio wanamalizaga dizeli," alisema. "Ukiona wanakuangalia unakanyaga. Mwaka jana ulikanyaga." Nilichukia kwa sababu ilikuwa kweli. Kuanzia hapo nikajifunza kwenda polepole kwa makusudi, na hilo, niamini, ni gumu kuliko kwenda mbio. Vilima nilitembea. Tambarare nilikimbia mwendo ambao ningeweza kuongea, na kwa kuwa hakuna wa kuongea naye nilitaja namba za marobota niliyopaka siku ile, moja baada ya nyingine. Kufika miezi ya baridi nilikuwa naenda Nyamuswa na kurudi Jumapili baada ya misa, na mama mwenye nyumba alikuwa ameacha maneno yake na kuanza kuniwekea uji.

Mwaka ule ndio biashara zilianza kufunguliwa. Ghafla madukani pakaonekana sabuni, tena ya kunukia, na sokoni Musoma zikamwagwa nguo za mitumba kutoka Ulaya, chungu nzima, watu wanaingia ndani yake mpaka mabegani. Tereza alitumwa Musoma na kiwanda, akarudi amenibebea raba za kukimbilia, nyeupe, zenye mstari wa buluu, za mwanaume wa miguu kama mitumbwi. Alikuwa ameuza gauni lake kuzipata na hakuniambia mpaka nilipomkuta kanisani na gauni la kazini. Zilinipwaya. Lakini sisi tulikuwa watu wa pamba, na mtu wa pamba tatizo lolote anaziba kwa pamba. Nikaokota nyuzi za sakafuni, nikashindilia mbele na pembeni, nikafunga kamba. Weee! Nilihisi nakanyaga mto wa kulalia. Niliziweka chini ya kitanda wiki mbili nisizichakaze, na kila mgeni aliyeingia alionyeshwa.

Siku ya mbio ilifika. Tulitakiwa kuondoka saa tatu asubuhi, na mahesabu yangu yote, mwaka mzima, yalikuwa ya saa tatu. Tukapangwa, tukaimba, tukangoja mgeni rasmi. Saa nne hajafika. Saa tano akafika, akahutubia juu ya nidhamu ya kazi na kutunza muda, akapigiwa makofi. Tuliachiwa saa tano na nusu, jua liko utosini. Vijana wa mbele waliona ni sawa tu, wao wangefika mchana ule ule. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa mwendo wa muda wa saa tisa, nikapewa saa sita na nusu tu. Mzee Magesa alinisogelea akasema kwa upole kwamba hakuna atakayenilaumu nikibaki. Nilianza wa mwisho, peke yangu, watoto wa Bunda wakinizomea, na sikukanyaga mafuta.

Balili nilipanda kwa miguu. Baada ya hapo nikaanza kuwakuta, mmoja mmoja, waliokanyaga: huyu kakaa chini anasugua goti, huyu kalala, huyu ananiomba maji na mimi sina. Nyamuswa nilipita nikiwa na nguvu, wanawake wa pale wakanipa maji ya kunywa na kunimwagia kichwani, na mmoja akasema, "Haya, mama, kimbia, wenzako walishapita zamani," akidhani ananitia moyo. Balaa lilikuwa Suguti. Maji yalikuwa magotini tu, nikavuka na raba zangu miguuni bila kufikiri. Mtu aliyeshinda miaka mitatu na pamba, aliyekuwa anaambiwa kila siku usiache robota linyeshewe! Ile pamba ikanywa maji, ikavimba, na hatua mia hazijapita vidole vyangu vimebanwa kama vimefungiwa mlango. Nikakaa chini kuichomoa kwa kijiti, imekuwa gundi. Nilipoitoa yote, raba zikawa zinapiga makofi na kunivua ngozi kisiginoni. Nikalia kwa hasira, sauti kubwa, hakuna anayenisikia isipokuwa ng'ombe. Halafu nikazivua, nikazifunga kamba shingoni, nikaendelea peku. Nilikuwa nimepoteza muda ambao sikuwa nao.

Njia ya ng'ombe ilipoungana na barabara ya vumbi ya kuingia Butiama, nilimkuta Mafuru ananisubiri na lori. Nyuma kulikuwa na watu tisa, wanaume wote, wamejikunyata juu ya turubai. Akaanza kunifuata taratibu, ametoa kichwa dirishani. "Dada, panda. Umejitahidi." Nikaendelea. "Miguu inatoka damu, dada Nyangeta." Nikamuuliza saa ngapi. Akasema imebaki robo saa. Nikamuuliza ni umbali gani, akatazama kile kisaa chake cha kilomita, akatikisa kichwa. Ndipo nikakanyaga. Dizeli yote niliyokuwa nimeibana tangu asubuhi niliimwaga pale. Sikumbuki nyumba wala watu, nakumbuka uwanja wa ofisi ukitokea mbele, mlingoti, bendera juu, meza ya mzee mwenye kitabu, mstari wa majivu. Nilibakiza hatua kama sitini. Filimbi ikalia.

Wasomaji wadogo labda hawalijui sana jambo hili siku hizi. Filimbi ya bendera ikilia, anayetembea anasimama, mwenye baiskeli anashuka, anayeongea anakata neno katikati. Wote wanageukia mlingoti, mikono chini, mpaka bendera ifike chini, ikunjwe, na filimbi ya pili ilie. Asiyesimama anakamatwa. Mimi mwenyewe mpaka leo, na goti hili, nasimama. Naipenda bendera yangu na sitaki mtu anifundishe kuipenda. Na pale palikuwa Butiama, kijijini kwa Baba wa Taifa, tena mbele ya ofisi, si mahali pa kufanyia mzaha. Uwanja mzima uligeuka mara moja, mamia ya migongo, mzee wa kitabu naye kasimama amenipa kisogo. Nyuma yangu lori likazimwa, mlango ukafunguliwa, Mafuru akashuka akasimama wima. Wale tisa juu ya lori walikuwa wamelala. Bendera ikaanza kushuka, taratibu, mgambo akivuta kamba kwa heshima zake zote. Na mimi nikakimbia. Peku, kwenye vumbi, sikutoa hata sauti. Nilipita katikati ya watu waliosimama ambao hakuna aliyeweza hata kugeuza shingo, nikavuka mstari bendera ikiwa bado juu ya kichwa cha mgambo. Niliiona kwa macho yangu. Nikashika magoti, nikaziba mdomo ili nisiheme kwa sauti, bendera ikakunjwa, filimbi ya pili ikalia.

Mzee wa kitabu, mwalimu mkuu mstaafu mwenye miwani iliyofungwa uzi, aligeuka akanikuta. "Wewe umetokea wapi?" Nikasema Bunda. Watu wakacheka, yeye hakucheka. "Filimbi ilipolia hapa hapakuwa na mtu. Ulikuwa upande gani wa mstari?" Kabla sijafungua mdomo, askari aliyekuwa karibu akasogea, na hapo ndipo nilipoelewa nimejiingiza wapi. Mafuru alikuwa ameshafika, anatweta, kofia mkononi. "Mzee, mimi ndiye dereva, nilikuwa nyuma yake, nimemwona," alisema. "Alisimama. Filimbi ilipolia alisimama pale kwenye jiwe, mikono chini, kabisa kabisa. Ya pili ilipolia ndiyo akaingia." Yule mzee akanitazama kwa huruma. "Basi kama alisimama, bendera imemkuta nje. Pole sana, binti. Lakini adabu yako tumeiona." Na watu wakanipigia makofi. Kumbe ndivyo inavyokuwa! Mwaka mzima, halafu makofi ya kitu ambacho sikukifanya. Mafuru akanishika kiwiko, akaninong'oneza, "Twende, Robota. Tumepona." Alikuwa ameniokoa, na alikuwa na furaha, maskini wa Mungu, macho yake yalikuwa yanalengalenga machozi. Lori lilikuwa pale nyuma yetu, ubao wa nyuma umeshushwa tayari kwa ajili yangu.

Nikautoa mkono wangu. "Mzee," nikasema, "Mafuru anasema uongo. Sikusimama. Nilikimbia. Nimevuka bendera ikiwa juu ya kichwa cha huyu mgambo." Mafuru akaweka mikono kichwani. "Dada, nyamaza!" Mzee akavua miwani. "Binti, unajua unachokisema? Afande anakusikia." Nikamwambia najua, na yeye nilitaka asikie. "Kama nilisimama, usiniandike. Kama sikusimama, niandike, halafu mfanye mnavyojua. Sikusimama." Aliitazama miguu yangu na raba zilizoning'inia shingoni. Akavaa miwani, akafungua kitabu, akachovya kalamu. "Jina?" Nikamtajia, la ubatizo, la nyumbani na la baba, yote matatu, yeye anaandika bila haraka na mimi nasimamia kila herufi. Akapuliza wino ukakauka. "Wa mwisho," akasema. Nikasema asante. Akakifunga kitabu, akageuka. "Afande, huyu sasa ni wako." Mafuru aliomba walau anipeleke kituo cha polisi kwa lori, kulikuwa mbali na nilikuwa nachechemea. Nikamwambia hapana, nikatangulia mbele ya askari kwa miguu.